Rangi Isiyoliwa na Majani

Mama Miche alikuwa hajatua hata mkoba begani alipoliona paa.

Kwa siku kumi na tisa alikuwa kwa mama yake mzazi, aliyetolewa mtoto wa jicho, akimtia dawa ya matone mara nne kwa siku na kumzuia asiiname kuokota kila kilichoanguka. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiwaza kitalu chake. Sasa alisimama langoni, kidole kwenye komeo, shingo ameinyoosha juu. Yale mabati ya plastiki aliyoyaacha meupe, yanayopitisha jua kama kioo cha dirisha, yamekuwa kijani. Tena yamepakwa na mtu anayejua kupaka: hakuna mchirizi, hakuna kiraka, pembe hadi pembe rangi imelala kama shuka lililopigwa pasi.

"Mkwe wangu, umerudi," alisema baba mkwe wake, akitokea nyuma ya pipa la maji. "Mama anaonaje?"

"Shikamoo, Baba. Mama anaona mpaka vumbi la juu ya kabati. Kutwa ananiambia nilifute."

"Marahaba. Na wewe, unaonaje?" Mzee alielekeza kidevu kwenye paa. Alijaribu kuficha tabasamu, tabasamu likakataa kufichwa.

Alimweleza yote kwa pumzi moja. Jua la wiki zile lilikuwa kali la kukausha ulimi. Alipitisha kiganja chini ya bati akahisi kinaungua, akawahurumia watoto. Katika nyumba ile miche iliitwa watoto na ilizungumzwa kama watu, jambo lililomfanya mume wa Mama Miche, fundi baiskeli, kulalamika kwamba ana midomo elfu moja na mia tatu ya kulisha na hakuna hata mmoja unaojua kumwamkia. Basi mzee akachuma jani moja, akalibandika juu ya mfuniko wa kopo, akachanganya rangi ya mafuta ya kijani, manjano kidogo na tone la nyeusi, akaipaka kando ya jani, akaongeza, akapunguza, mpaka jani likapotea pale mfunikoni usilione. Ndipo akaizimua iwe nyepesi, akapanda juu ya meza na kuanza kazi.

"Wao ni kijani," alisema. "Nikaona na nyumba yao iwe kijani. Wajisikie wako kwao."

"Imependeza, Baba," alisema Mama Miche, na hakuwa amesema uongo. Paa lilipendeza.

Kisha akaingia ndani.

Mwanga wa mle ulikuwa kama wa chini ya bwawa. Miche ilikuwa imerefuka kwa namna ambayo mtu asiyejua angeshangilia, ila vishina vilikuwa vyembamba kama uzi wa kushonea magunia, majani madogo, yaliyopauka, yakikaa mbalimbali kama watu waliogombana. Na yote, safu kwa safu, ilikuwa imelalia upande mmoja, kuelekea mlangoni, ambako peke yake mwanga mweupe uliweza kupenya. Ilimkumbusha watu waliopanga foleni kwenye dirisha la ofisi, wakisubiri kuitwa. Aligusa mche mmoja kwa ncha ya kidole. Ulianguka ukalala juu ya kiriba chake, ule mfuko wa plastiki uliojazwa udongo, na haukuinuka tena.

Alisoma kilimo chuoni miaka miwili. Hakuhitaji kumuuliza mtu. Watoto walikuwa wanakufa njaa, na aliyewafungia chakula alikuwa amesimama nyuma yake akisubiri asifiwe mara ya pili.

*

Ofisi ya maji ilitaka miche ya kupanda kuzunguka chemchemi kabla mvua hazijaanza. Ilitaka elfu moja, isipungue hata mmoja, na kufika siku ya kuichukua zilikuwa zimebaki siku ishirini na sita. Mkaguzi wao alikuwa na mtindo wake: hushika kiriba, hukitikisa mara tatu, na mche unaoinama na usirudi, hauchukui. Ikipungua elfu, lori linaondoka tupu kwenda kwenye kitalu kingine, na jina la Mama Miche haliandikwi tena kwenye daftari la ofisi ile. Hilo lilimuuma. Lakini lililomnyima raha zaidi lilikuwa la mzee.

Miaka arobaini mzee huyu alichora mabango. Nusu ya maduka ya mji ule yalibeba herufi zake, na watu walimwita Mzee Rangi hata kabla hajawa mzee. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Kazi yake ya mwisho ilikuwa ukuta wa duka la dawa. Aliumaliza, akashukuriwa, akaagana na mwenye duka vizuri. Wiki iliyofuata alipita pale akakuta kijana fulani ameshafuta herufi zake na kuandika upya juu yake. Hakuna aliyemwambia kitu. Alirudi chumbani kwake, akageuza kiti kikatazama ukuta, akakaa. Mke wake alikuwa ameshafariki, na mwanawe alipokwenda kumchukua alimkuta amekaa vile vile. Hata walipomhamishia kwao, kiti kiligeuzwa kikatazama ukuta mpya, miezi miwili mizima, chakula kikirudi jikoni nusu.

Aliyemwinua pale ni Mama Miche, na hakumwinua kwa maneno. Miche inayokulia chini ya paa haipigwi na upepo, hivyo vishina hubaki laini. Dawa yake ni kuipapasa. Kila asubuhi mtu anapita safu kwa safu akiigusa vichwani kidogo tu, inayumba, na kule kuyumba kunaikaza. Mama Miche alikuwa akifanya hivyo kwa kipande cha gunia. Siku moja akaingia chumbani kwa mzee, akachukua brashi pana ya rangi iliyokuwa imesahauliwa dirishani, akaifunga kwenye mpini wa fagio, akamwomba amsaidie, maana yeye mkono wake ni mzito, unavunja.

Mzee alimwonyesha vidole vyake vinavyotetemeka. Je, haoni?

"Ndio ninaoutaka huo," alimjibu. "Mkono uliotulia hauyumbishi."

Tangu siku hiyo mzee aliamka kabla ya kuku. Kuipapasa miche alikuita kuwaamkia watoto. Na ndiyo maana, jioni ile, Mama Miche alikaa kwenye kigoda cha jikoni akamtazama mumewe anavyozamisha mpira wa baiskeli kwenye beseni akitafuta panapovuja, na hakujua aanzie wapi.

Alipomaliza kumweleza, fundi aliuacha mpira kwenye beseni.

"Usimwambie," alisema.

"Nisimwambie, nifanyeje? Nimshukuru tena?"

"Mwambie lolote. Mbegu mbovu. Ugonjwa. Wewe si ndiye msomi, huko chuoni hawakuwafundisha ugonjwa hata mmoja?"

Mama Miche alisema kwamba kumdanganya mtu mzima ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Fundi akasema afadhali mafuta ya chupa kuliko kumwona baba yake ameutazama ukuta tena, maana safari hii hatageuka. Walibishana kwa sauti ya chini, chumba cha mzee kikiwa hatua nne tu kutoka pale. Mwisho walikubaliana hivi: ataambiwa mbegu zilikuwa dhaifu. Miche itatolewa nje kidogo kidogo, kwa kisingizio kwamba inahitaji kuzoea jua. Paa litabaki kama lilivyo, na hakuna atakayelitaja.

Asubuhi Mama Miche alisema uongo wake. Aliusema akiwa ameinama anajaza keni maji, ili asimtazame mzee machoni. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama mbegu dhaifu zinaweza kusaidiwa. Akajibiwa kwamba zikitunzwa sana, pengine.

"Basi tutazitunza sana," alisema.

*

Siku iliyofuata Mama Miche alikwenda mjini kutafuta neti ya kivuli, kwa sababu miche iliyodhoofika gizani ukiianika kwenye jua la wazi inababuka siku hiyo hiyo. Alizunguka maduka manne. Aliporudi alasiri, neti imeviringishwa kwapani, harufu ya rangi mbichi ilimpokea kabla hajafika langoni.

Mzee alikuwa juu ya meza, meza iko juu ya matofali, na juu ya meza kuna stuli. Mkono mmoja umeshika mhimili, wa pili umeshika brashi, na brashi inatetemeka kiasi kwamba matone ya kijani yamempata hadi masikioni. Alikuwa amebakiza mabati mawili.

Mama Miche hakupiga kelele. Aliogopa asije akamshtua akaanguka. Aliweka neti chini taratibu, akaishika stuli kwa mikono miwili.

"Baba, naomba ushuke."

"Bado kidogo. Nimewaza usiku. Kama mbegu ni dhaifu, basi jua lile lile wanaloliweza wengine hawa hawaliwezi. Nimewaongezea mkono wa pili." Mafundi rangi, wakipaka mara ya kwanza, huuita mkono wa kwanza, wakirudia juu yake huuita wa pili. "Angalia kilivyokolea. Sasa ni jani kabisa."

"Shuka, Baba. Tafadhali."

Alishuka. Alipouona uso wa mkwewe, tabasamu lake lilikwenda zake lenyewe. Na Mama Miche, ambaye kwa siku mbili alikuwa akitunga maneno ya kuuficha ukweli, hakukumbuka hata moja.

"Mbegu hazina kosa," alisema. "Ni paa. Rangi imezuia jua, na kile kidogo kinachopita ni kijani kitupu, na kijani jani halina kazi nacho. Watoto wana njaa, Baba. Wanakufa njaa."

Mzee alitazama juu, akatazama ndani, akaona kile ambacho labda alikuwa amekiona siku nyingi bila kutaka kukielewa, vichwa elfu na zaidi vimeelekea mlangoni. Alichukua kitambaa, akaifuta brashi. Aliifuta upande mmoja, akaigeuza, akaifuta wa pili, mpaka kwenye mizizi ya nywele zake, kama alivyozifuta brashi zake zote maisha yake yote.

"Umejua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu nilipofungua lango."

"Na ukaniambia imependeza."

Mama Miche aliinama akaiokota neti.

"Mkono wa kwanza wa rangi ni wangu," alisema mzee. "Nilikosea kwa kutojua, nao ni wangu, siukatai. Huu wa pili, mkwe wangu, ni wako."

Aliiweka brashi juu ya pipa, akaingia ndani. Mama Miche alisikia miguu ya kiti ikiburuzwa sakafuni, ikageuka.

*

Siku nzima iliyofuata haikuwa na mtu wa kuwaamkia watoto. Fundi alijaribu. Alivunja kumi na mmoja kabla ya kuambiwa aende akazibe pancha zake.

Mama Miche hakwenda kuomba radhi kwa kupiga magoti mlangoni. Alijua radhi ya namna hiyo ingemlazimisha mzee kumbembeleza yeye. Alikwenda kesho yake saa nne asubuhi, amebeba vitu vitatu: jani, kopo la rangi nyeusi na kopo la rangi nyeupe. Alikaa sakafuni, kati ya kiti na ukuta, hivi kwamba mzee akitaka kuutazama ukuta lazima amtazame yeye kwanza.

"Nimekudanganya," alisema. "Niliogopa utarudi kwenye kiti hiki. Nikakudanganya, na umerudi."

Mzee aliinua macho, akautazama ukuta juu ya kichwa chake.

"Sasa nina swali la kazi yako, wala si la kazi yangu. Bango likipigwa na jua la saa saba, ukiligusa, herufi nyeusi zikoje?" Aliyasogeza makopo mawili mbele yake.

Mzee alikunja uso. Lakini swali la kazi ni swali la kazi.

"Zinaunguza," alisema mzee. "Nimewahi kubabuka kiganja. Ukitaka kujiegemeza unaegemea palipo na nyeupe."

"Kwa nini?"

"Nyeupe hairuhusu kitu kuingia. Inarudisha. Nyeusi ni mlafi, inameza yote." Alisema hivyo kama mtu anayesema maji yanalowesha. "Kila rangi ina inachomeza na inachorudisha. Ile inayorudi ndiyo unayoiona. Mwanagenzi wa wiki moja anajua hilo."

Mama Miche aliliweka jani juu ya goti la mzee.

Mzee alilitazama. Akalishika kwa kikonyo, akalizungusha, likatetemeka kwenye vidole vyake. Fundi, aliyekuwa amejibanza kwenye korido na spana mkononi, alisimulia baadaye kwamba ukimya ule ulitosha mtu kubadilisha tairi zote mbili.

"Linarudisha kijani," alisema mzee polepole.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kijani ndicho lisichokitaka."

"Linakigusa kidogo tu. Chakula chake hasa ni nyekundu na buluu. Hizo linazimeza, ndiyo maana hatuzioni."

"Nami nikakaa kutwa nzima nachanganya, naongeza manjano, natia tone la nyeusi, natafuta rangi ile ile hasa ambayo jani linaitema." Alilibandika jani kwenye goti. "Nimewapelekea makombo yao wenyewe, mkwe wangu. Tena nimewapakulia mara mbili."

Mabega yake yalianza kutikisika, na Mama Miche akadhani analia, akanyoosha mkono amshike. Mzee alikuwa anacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, chenye kikohozi ndani yake, lakini kilikuwa kicheko.

Akauliza sasa hiyo nyekundu na buluu wanaipikia nini. Mama Miche akamwambia kwamba mwanga ndio moto wao. Mizizi inaleta maji, majani yanavuta hewa ya ukaa, ileile tunayoitoa puani, na kwa moto ule wa jua vinapikwa kuwa sukari, na sukari ndiyo inayojenga shina, tawi, gogo. Chuoni waliita usanisinuru. Mzee alisema jina hilo ni refu kuliko bango lolote alilowahi kuchora, na kwamba habari ya maji anaikubali, ya sukari anaikubali, ila kumwambia mtu mzima kwamba gogo limejengwa kwa hewa ni kumwona mtoto. Gogo linatoka kwenye udongo. Linatoka wapi kwingine?

Alikuwa bado anabisha alipoinuka kwenye kiti.

*

Zilibaki siku ishirini na mbili. Mama Miche alitaka kuiondoa rangi kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, mzee akamnyang'anya kopo. Tina ingekula plastiki yenyewe, na kikwaruzo kingeichubua mpaka isipitishe kitu. Rangi ya mafuta, alisema, unaiondoa kwa majivu. Unayaloweka kwenye maji ya moto, unayachuja, maji yale yanateleza kama sabuni, unayapaka na kusubiri. Rangi inalegea yenyewe kama ngozi ya mguu uliokaa kwenye maji. Hilo alilijua kabla fundi hajazaliwa.

Majivu yalitafutwa kwa mwoka mikate wa mtaa wa pili, ambaye tanuri lake halizimwi. Fundi alikwenda na baiskeli yenye kikapu kikubwa, na mzee akafuatana naye kwa miguu, kwa sababu hakumwamini kuchagua majivu. Walirudi na debe moja, halijajaa. Mzee alikuwa na uso wa mtu aliyeibiwa.

"Nimemuuliza mwoka mikate," alimwambia Mama Miche. "Tangu juzi asubuhi amechoma kuni rundo zima, limenizidi kimo mimi. Rundo zima. Nikamwambia anipe majivu yote, asinifiche. Anasema yote ndiyo haya."

"Ndiyo haya."

"Na mengine?"

"Hayo majivu ndiyo kile mti ulichochukua kwenye udongo," alisema Mama Miche. "Kilichobaki ulikitoa hewani na kwenye maji, na moto umekirudisha huko huko. Mti mwingine utakivuta tena."

Mzee alilitazama debe. Alitia mkono, akateka majivu kiganjani, akayapima uzito kwa kuyarusharusha kidogo. Kisha akaingia kitaluni, akainama juu ya safu ya kwanza, akapumua. Haaa, kama mtu anayetaka kufuta kioo cha miwani. Akangoja. Akapumua tena.

"Kwa hiyo asubuhi zote zile nikiwaamkia huku nahema," alisema bila kugeuka.

"Ulikuwa unawalisha, Baba."

Mabati yaliteremshwa manane kwa siku. Mzee alipaka maji ya majivu, Mama Miche alisugua kwa kitambaa, fundi alisuuza na kulalamika. Mkono wa pili wa rangi, uliokuwa mbichi, ulitoka kama utando wa maziwa. Wa kwanza uligoma, ukahitaji kupakwa mara tatu. Kila lilipotoka bati moja, Mama Miche alifunga neti ya kivuli mahali pake, na kila siku ya tatu aliilegeza kidogo, ili jua liwaingie watoto kama mtu anavyolishwa uji baada ya homa. Aliing'oa miche mia moja na tisini na tisa ambayo haikuwa na tumaini. Aliing'oa peke yake, mchana, mzee akiwa amelala.

Siku ya tisa yakatoka majani mapya. Yalikuwa madogo, mazito, ya kijani kilichoiva, na mzee alipoyaona alisema zile nyekundu na buluu zimefika mezani. Alianza kuwaamkia mara mbili kwa siku. Mabati meupe yakarudishwa juu, vishina vikainuka, vikaacha kuutazama mlango, ila chini kabisa, karibu na udongo, kila kimoja kilibaki na kipindo pale kilipokuwa kimelala.

*

Mkaguzi wa ofisi ya maji alikuwa mwanamke mnene, mwenye viatu vya mpira na kalamu sikioni, na hakuwa na mzaha. Alikataa chai. Alianza safu ya kwanza saa mbili asubuhi, akishika, akitikisa mara tatu, akisonga mbele. Waliokataliwa aliwaweka kando kwa mguu. Mama Miche alihesabu kimoyomoyo. Alikuwa na elfu moja na tisini. Angeweza kuvumilia tisini, zaidi ya hapo hakuna.

Waliokataliwa walipofika kumi na tano, mkaguzi alichuchumaa akapitisha kidole kwenye kile kipindo cha chini.

"Hii nini? Naiona kwenye miche yote. Ni ugonjwa?"

Mama Miche alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari ulimini, mbegu, na mkaguzi angeliamini. Alimtazama mzee, aliyekuwa amesimama na brashi yake ya mpini mrefu, na akalimeza.

"Si ugonjwa," alisema mzee. "Ni mimi. Nilipaka paa rangi ya kijani nikawanyima mwanga. Hapo ndipo walipolala. Pa juu ndipo walipoamka."

Mkaguzi alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Kijani? Kwa nini?"

"Nilidhani wanaipenda. Kumbe wanaitema."

Mkaguzi alitafakari. Akashika kiriba kilekile, akakitikisa mara tatu, halafu, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa mwingine yeyote, akakitikisa mara ya nne kwa nguvu. Mche uliyumba ukarudi mahali pake, ukasimama. Akauliza vishina vimekazwaje kiasi hicho, maana vya vitalu vingine haviwi hivi. Mzee akampitishia brashi mbele yake, safu nzima, taratibu, mkono ukitetemeka.

"Huo mkono wako una ugonjwa?" aliuliza mkaguzi, kwa namna yake isiyo na pazia.

"Una kazi," alisema mzee.

Hadi mwisho wa safu ya mwisho waliokataliwa walikuwa sabini na wanne. Mkaguzi aliandika elfu moja na kumi na sita, akachomeka kalamu sikioni, akasema lori litakuja alasiri, na kwamba sasa ile chai ataikubali.

Lori lilipoondoka, kitalu kilibaki kitupu, isipokuwa wale sabini na wanne waliosukumwa pembeni. Fundi aliuliza kama awatupe. Mzee akamwambia aanze kujitupa yeye. Wale ni wake, alisema, watangoja mvua nyingine.

Aliingia ndani. Mama Miche, aliyekuwa anafagia, alisikia miguu ya kiti ikiburuzwa sakafuni, akasimama na fagio mkononi. Sauti ikaendelea. Ilipita korido, ikapita jikoni, ikagonga kizingiti. Mzee alitokea mlangoni akikivuta kiti chake kinyumenyume, akakiburuza hadi chini ya paa jeupe, akakiweka mbele ya wale sabini na wanne, akakaa akiwatazama.

"Mkwe wangu," alisema, "huyu mume wako anakoroma sana. Pumzi yote ile inapotea bure. Kwa nini asilale humu?"

"Usiku hawaipiki, Baba. Hakuna jua."

Mzee alifikiri kidogo, akainama, akawapumulia watoto wa mstari wa mbele.

"Basi alale mchana," alisema. "Si ndicho anachofanya kila siku?"